Binti amekubaliwa Colorado, sisi tuko Minnesota: tumwache aende?

Swali: Dada, salaam. Tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, mwaka wa kumi na mbili sasa, na sote tuna grinikadi. Binti yetu wa kwanza anamaliza sekondari Juni hii na anataka kusoma biolojia, baadaye udaktari. Amekubaliwa vyuo vitatu vya umma: Chuo Kikuu cha Minnesota hapa Twin Cities (Minneapolis na St. Paul), Wisconsin pale Madison, na chuo kimoja cha jimbo la Colorado. Moyo wake wote uko Colorado. Gharama za huko ni dola 66,000 kwa mwaka, na wametuandikia barua inayoonyesha zote zimepata pa kutoka. Nimekutumia picha ya barua hiyo. Mume wangu haiamini hiyo barua. Madison ni 37,000 na wametoa ruzuku ya 6,000. Minnesota ni 36,000, barua yao hatujaielewa vizuri. Kipato chetu kwenye fomu ya kodi ni 74,000: mimi ni shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mume wangu anaendesha teksi. Binti ana wadogo zake wawili. Watu wanatuambia akikaa Colorado mwaka mmoja tu anageuka mkazi na ada inashuka. Ni kweli? Tumwache aende? — Mama wa watatu

Jibu: Mama, hongera kwanza. Kukubaliwa vyuo vitatu sio jambo dogo, na mtoto aliyefika hapo huku mama akitoka kazini alfajiri amefanya kazi ya ziada ambayo barua za vyuo haziioni.

Sasa tuje kwenye barua ya Colorado. Mume wako yuko sahihi kutoiamini, ingawa haina uongo ndani yake. Nimeikuza ile picha nikaisoma mstari kwa mstari. Chukua kalamu nyekundu nawe ufanye hivyo hivyo. Mistari miwili ya juu, yenye maneno grant na scholarship, jumla yake 14,000: hiyo ni zawadi, hairudishwi. Mstari wa tatu, 5,500, una neno loan. Huo ni mkopo wa serikali kuu kwa jina la binti. Wa nne, 20,000, unaitwa Parent PLUS. Huo ni mkopo kwa jina lako wewe au baba yake, sio la mtoto. Wa tano, 26,500, wameuita mchango wa familia au mkopo binafsi, yaani wa benki. Halafu chini kabisa wamejumlisha vyote pamoja, na jumla ikatoka sawasawa na gharama. Ndipo penye mtego. Ni kama fundi akuambie nyumba yako imeshalipiwa, ukimuuliza na nani, anakuonyesha wewe.

Kwa hiyo bei halisi ya Colorado ni 66,000 toa 14,000: dola 52,000 kila mwaka. Mara nne ni 208,000, na hapo nimejifanya sioni kwamba ada hupanda karibu kila mwaka.

Watu wengi hufanya hesabu ya mwaka wa kwanza wakaishia hapo. Mimi huanzia mwaka wa nne. Mwanafunzi anayewategemea wazazi anaruhusiwa kukopa serikali kuu 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na 7,500 wa nne. Basi, kwa kawaida haongezewi. Mkopo wa mzazi zamani haukuwa na dari. Mzazi aliweza kukopa hadi gharama yote iishe, na wengi waliumia kwa hilo. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeweka dari kuanzia tarehe 1 Julai 2026: 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja kwa masomo yake yote. Mkichukua 20,000 mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, mwaka wa nne mmebakiwa na 5,000 tu. Sasa tazama fedha taslimu mtakazotafuta: mwaka wa kwanza 26,500, wa pili 25,500, wa tatu 24,500, halafu wa nne, mtoto akiwa ameshapita robo tatu ya njia, 39,500. Jumla 116,000 juu ya mikopo yote. Hakuna kikoba kinachobeba hiyo.

Na mkopo wenyewe wa mzazi sio wa mchezo. Riba yake kwa mwaka wa masomo 2025–26 ilikuwa karibu asilimia 9. Dola 65,000 kwa riba hiyo, zikilipwa miaka kumi, ni zaidi ya 800 kila mwezi, kwa jina lako, na mdogo wake anayefuata naye atakuwa anafungua barua zake.

Hilo la kukaa mwaka mmoja ukawa mkazi nalisikia kila masika, na anayelisema huwa hana nia mbaya; kasikia nusu. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hili linatuchanganya kwa sababu kwetu halipo. Mtoto wa Kigoma akichaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam halipi ada tofauti na mtoto wa Temeke. Hapa Marekani chuo cha umma ni cha jimbo, kodi ya wananchi wa jimbo ndiyo inayokibeba, na wa nje hulipa bila huo mgongo. Tena baada ya mdororo wa 2008 majimbo mengi yalipunguza fungu la vyuo, na vyuo vikaanza kuwatafuta wa nje kwa bidii kwa sababu ndio wanaolipa bei kamili. Kuna vyuo vya umma, Alabama na Vermont kwa mfano, ambako wanafunzi wa nje ya jimbo ni wengi kuliko wenyeji.

Ule mwaka mmoja wanaokuambia upo kweli kwenye sheria. Tena umepimwa mahakamani hapo hapo kwenu: wanawake wawili waliohamia Minnesota pamoja na waume zao waliupinga, wakashindwa mwaka 1970, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 1971 katika kesi ya Starns dhidi ya Malkerson. Miaka miwili baadaye, katika Vlandis dhidi ya Kline, mahakama hiyo hiyo ilikataza Connecticut kumfungia mwanafunzi jina la mgeni milele bila kumpa nafasi ya kuthibitisha kwamba amehamia kweli. Ukizisoma kesi zote mbili unaona jambo moja: mwaka mmoja ni wa mtu aliyehamia kuishi. Aliyekuja kusoma miezi yake haihesabiki hivyo, na kijana anayetunzwa na wazazi kwa kawaida hufuata ukazi wa wazazi.

Namfahamu kijana mmoja, jimbo lingine sio Colorado, aliyejaribu. Alibadilisha leseni ya udereva, akasajili gari, akafungua akaunti ya benki mtaani, akahesabu miezi kumi na miwili kama mfungwa. Fomu ya chuo ilimuuliza mengi lakini moja ndilo lililommaliza: mwaka jana ni nani aliyekuweka kwenye fomu yake ya kodi kama mtegemezi? Baba. Baba yuko wapi? Ohio. Alilipa bei ya mgeni mpaka mwisho. Kwa hiyo usiweke Colorado kwenye mahesabu yenu kwa bei yoyote isipokuwa ile iliyo kwenye barua.

Kuna njia halali za kuvuka mpaka kwa bei nafuu, na familia yenu mnayo mojawapo mkononi bila kujua. Majimbo ya Magharibi yana mpango wao ambao mwanafunzi hulipa asilimia 150 ya ada ya mwenyeji badala ya bei ya mgeni. Colorado imo, Minnesota haimo, kwa hiyo huo haukuhusuni. Wenu ni makubaliano ya Minnesota na Wisconsin, yaliyoanza tangu miaka ya 1960, na mengine ya aina hiyo na majimbo yote mawili ya Dakota. Mtoto wa Minnesota akienda Madison hatozwi bei ya mgeni. Hulipa kiasi kinachokaribiana na ada ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Ndiyo maana Madison kwenu imekuja 37,000. Lakini haiji yenyewe, huombwa kwenye Ofisi ya Elimu ya Juu ya Minnesota, kwa fomu fupi ya mtandaoni isiyo na malipo. Kama hamjaiomba, 37,000 hiyo itageuka bili nyingine kabisa Septemba.

Hapo kwenye Madison nataka twende polepole, maana ndipo hata washauri wa shule huteleza. Bei ya mkazi sio msaada wa mkazi. Makubaliano yanashusha ada, hayabebi ruzuku. Pell, ambayo ni ruzuku ya serikali kuu, husafiri na mtoto popote. Ruzuku za jimbo la Minnesota haziuvuki mto St. Croix, ulio mpakani na Wisconsin. Na ukishavuka, ile ahadi maarufu ya Madison ya kufuta ada kwa familia za kipato cha chini ni ya wenyeji wa Wisconsin, wewe hauhusiki nayo. Yaani mtoto wenu pale daraja la Hudson anakuwa mwenyeji kwa upande wa ada na mgeni kwa upande wa msaada. Ndiyo maana mkabaki na 31,000 kwa mwaka baada ya ile 6,000.

Sasa barua ya Minnesota ambayo hamjaielewa. Umenitumia kurasa mbili, ya pili nusu yake imekatwa na kidole chako, lakini nimeona kinachohitajika. Kuna mstari unaosema North Star Promise. Huo ni mpango wa jimbo ulioanza masomo ya vuli ya 2024: familia yenye kipato kilichorekebishwa chini ya dola 80,000 kwenye fomu ya kodi, mkazi wa Minnesota asiye na shahada, aliyejaza FAFSA (fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo), ada yake kwenye chuo cha umma cha Minnesota hulipwa na jimbo baada ya ruzuku nyingine kutangulia. Nyie mko 74,000. Kama nusu ya ile 36,000 ni ada, na hiyo nusu ndiyo inayofutwa. Zinabaki kama 17,000 au 18,000 za chumba, chakula, vitabu na nauli, tena hizo ni kwa mtoto anayelala hosteli.

Tahadhari moja: mko karibu na ukingo. Mume wako akipata mwaka mzuri wa teksi, au wewe ukichukua shifti za ziada zikavusha 80,000, ada ya mwaka unaotegemea fomu hiyo itarudi. FAFSA hutumia kodi ya miaka miwili nyuma, kwa hiyo mnachovuna mwaka 2026 kitasomwa mwaka wa masomo 2028–29. Muulizeni anayewajazia kodi mapema, sio Aprili. Na fungu la mpango huu hupangwa na bunge la jimbo, hivyo thibitisheni na ofisi ya misaada ya chuo kila mwaka.

Ukiziweka pamoja, kila mwaka ni 52,000 Colorado, 31,000 Madison, 17,000 na ushee Minnesota. Kwa biolojia. Mama, nitasema wazi: kwa somo hili na kwa tarakimu hizi, Colorado hapana.

Sisemi hivyo kwa sababu chuo ni kibaya. Ni kwa sababu ya neno ulilolitaja haraka haraka ukapita: udaktari. Shahada ya biolojia kwa binti yako ni kituo cha njiani. Baada yake kuna MCAT, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari, kuna safari za usaili, halafu miaka minne ya shule ya udaktari, ambayo ndiyo ghali. Sheria ile ile ya 2025 imegusa na huko: kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026, mkopo wa serikali kuu kwa shule ya udaktari una dari ya 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa ujumla, na ule mkopo wa nyongeza uliokuwa unaziba pengo haupo tena. Akifika pale akiwa na mikopo ya benki ya shahada ya kwanza mgongoni, milango itakuwa mizito. Na shule za udaktari za umma huwapendelea wakazi wa jimbo lao. Binti anayebaki mkazi wa Minnesota anaingia kwenye foleni ya nyumbani.

Angekuwa anasoma kitu ambacho Minnesota haina, ningekaa tena na kalamu. Au angekuwa amekubaliwa Chapel Hill, North Carolina, au Virginia pale Charlottesville, maana hivyo viwili ni vyuo vya umma vinavyojazia mahitaji yote ya kifedha hata kwa mtoto wa nje ya jimbo, jambo adimu sana. Kuingia ndiyo kazi. Chapel Hill wa nje hawaruhusiwi kuzidi asilimia 18 ya wanaoanza. Au angekuwa na alama zinazomletea Alabama ufadhili mkubwa ule unaotolewa kwa jedwali la alama. Hiyo 14,000 ya Colorado haifanani na hayo.

Lakini sijamaliza, na ninachosema sasa ndicho nilichotaka hasa kukuambia. Barua yako ina maneno mengi kuhusu fedha na sentensi moja kuhusu binti: moyo wake uko Colorado. Kutoka Minneapolis hadi kule ni kama maili 900. Nimeshauri familia zetu muda mrefu, na mara nyingi umbali anaoutaka binti wa kwanza sio wa maili. Wewe uko shifti ya usiku. Nani analala na wadogo zake? Nani anawapeleka kwenye basi asubuhi? Barua za shule, za bima na za daktari anazitafsiri nani? Nadhani jibu ni moja kwa maswali yote matatu. Simlaumu mtu, hivyo ndivyo familia za wahamiaji zinavyosimama. Ila mtoto wa namna hiyo akiangalia ramani, hatafuti milima. Anatafuta mahali ambapo simu ikiita saa tano usiku hawezi kurudi nyumbani hata akitaka.

Sasa wazazi wengi wakishaona zile 17,000 hufanya kosa la pili. Wanasema: kumbe chuo kiko dakika ishirini kwa gari, alale nyumbani, tuokoe na hizo za chumba. Kwenye karatasi inapendeza. Nimeona inavyokwenda: maabara ya kemia inaisha saa kumi na mbili jioni, kikundi cha kujisomea kinakutana saa mbili usiku, na binti yuko barabara kuu anawahi nyumbani kwa sababu mama anatoka saa tatu. Muhula wa kwanza alama zinashuka, na mwenye ndoto ya udaktari hana alama za kuchezea mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa Minnesota una sharti. Abaki, lakini alale hosteli, na nyumbani ihesabike kama hayupo. Zile 17,000 mtazipunguza hivi: mkopo wake wa 5,500, kazi ya saa kumi kwa wiki chuoni, akiba ya kiangazi, na kinachobaki mlipe kwa awamu kila mwezi kupitia mpango wa chuo. Bado ni mzigo, sikufichi. Lakini ni mzigo wa kubebeka bila mkopo wa mzazi, au kwa mdogo sana.

Akikataa kabisa kukaa jiji moja na nyie, basi Madison iko saa nne kwa gari na inafaa, mradi mfanye jambo moja kwanza: waandikieni ofisi ya misaada ya Madison mkiomba waangalie upya. Elezeni idadi ya watoto, gharama za matibabu kama zipo, na kama kipato cha mume wako kimeshuka tangu ile kodi ya miaka miwili nyuma, ambatanisheni ushahidi. Barua iwe fupi na yenye tarakimu. Machozi hayasomwi, hati husomwa. Wakiongeza hadi tofauti na Minnesota ikawa elfu chache, mimi ningemwachia binti achague. Msiandike kuiomba Colorado, pengo lake ni kubwa mno kwa rufaa.

Tarehe ya mwisho ya kuthibitisha kwa vyuo vingi ni 1 Mei. Usilipe arubuni vyuo viwili kwa kuogopa, lipa kimoja. Kabla ya hapo kaeni naye jioni moja ambayo huna kazi, wewe na baba yake, mweke mezani zile barua tatu na kalamu nyekundu, ajumlishe mwenyewe, hasa mwaka wa nne. Ana miaka kumi na minane na anataka kuwa daktari, hesabu hizo hazimshindi. Halafu mwulize kuhusu wadogo zake, na mtakapomwambia nani atalala nao kuanzia Septemba, muwe mmeshampata mtu huyo kweli, jina na siku zake. Fomu ya kuomba hosteli Twin Cities ijazeni wiki hiyo hiyo atakayothibitisha.